Mwaka Tulioipaka Nyumba Chokaa

Mjukuu wa Adela alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napepeta mchele hapa barazani kwangu Chamazi. "Bibi anakuulizia," akasema. "Anasema uje kabla hajasahau." Sikumuuliza asije akasahau nini. Niliuweka ungo chini, nikatafuta kanga safi, nikamwambia kijana wa jirani anitafutie gari. Kutoka kwetu mpaka Kibamba ni kuuzunguka mji mzima, na miguu yangu siku hizi haipendi kupanda wala kushuka, lakini nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na neno moja nimelifuga kifuani kwa zaidi ya miaka sitini na nilihofia mmoja wetu atakufa kabla sijalitoa. Anayesoma hapa akitaka kujua nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani ataniwia radhi. Hayo sina haja nayo leo. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, wakati wa utawala wa Mwingereza, pale Temeke, nyumbani kwa shangazi yangu Bi Mwajuma, mwaka ambao nilimwonea mtu wivu mpaka nyumba ikaondoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi umepita katikati kutoka baraza ya mbele mpaka uani. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa la makuti yaliyozeeka yakawa ya kijivu. Kuta hazikufika juu. Kila chumba kilikuwa na mlango wake na komeo lake, lakini maneno yalipita juu ya ukuta yakenda yatakako, na mtu akikohoa chumba cha mwisho, aliye chumba cha mwanzo alimpa pole. Shangazi alikuwa mjane na alikaa na wapangaji, ila chumba cha mbele cha kushoto, chenye dirisha la barabarani, kilikuwa changu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimesoma mpaka darasa la nne, na katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Barua za Athumani, mtoto pekee wa shangazi aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga, zilipita mikononi mwangu. Athumani alikuwa mtu mwema lakini kwenye karatasi alikuwa mkavu. Aliandika: mimi mzima, kazi ipo, mvua hakuna. Basi. Mimi nilikuwa namwangalia shangazi alivyokaa kwenye mkeka, ameikunja mikono, anangoja, na nikaona haya kumpa maneno matatu. Nikamwongezea. Nikasoma: shikamoo mama yangu mpenzi, nakukumbuka kila nikila wali usio na nazi, nisalimie jirani zangu wote, na wewe nakusalimu mara mia. Shangazi alifumba macho akasikiliza. Halafu siku hiyo, akipakua wali wa nazi, aliukwangua ukoko wote wa chini ya sufuria, ule wa rangi ya dhahabu unaolia kinywani, akanipa mimi peke yangu. Ukoko ule ulikuwa cheo.

Adela alikuja mwanzoni mwa mwaka, na sanduku la bati na gauni jeupe. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja hivi, mtoto wa Masasi, amesomeshwa misheni mpaka akajua Kiingereza, na alikuwa amepata kazi ya kupima watoto uzito kwenye kliniki. Shangazi alimtazama mara moja tu, akaniambia, "Mwanaidi, hamisha vitu vyako uje kulala kwangu. Huyu anataka chumba chenye hewa." Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi sikupona. Nilihamisha godoro langu la sufi na kioo changu, na kutoka siku ile nikawa nalala kwenye harufu ya mafuta ya shangazi ya kuchulia magoti, nikimsikia Adela ng'ambo ya ukuta akisema sala zake taratibu kama mtu anayehesabu shanga. Hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Angekuwa na kiburi ningemchukia mchana kweupe na majirani wangeniunga mkono. Yeye alisalimia kila mtu, aliteka maji zamu yake na yangu nikichelewa, na Jumapili akitoka kanisani alipika kisamvu cha karanga ambacho shangazi, aliyekuwa akisema kisamvu ni chakula cha watu wa shamba, alikila mpaka akalamba vidole. Jumapili ya tatu ukoko uligawanywa mara mbili. Nililiona pande lake. Lilikuwa kubwa kuliko langu.

Kisha ikaja barua ya Athumani nami nipo bombani. Niliporudi na debe kichwani niliwakuta wamekaa uani, shangazi kwenye kigoda na Adela mkekani na karatasi mkononi. Adela alikuwa amekwisha kuisoma. "Na salamu?" shangazi akamuuliza. Adela aliigeuza barua upande wa pili, akaiangalia, akairudisha tena upande wa kwanza, kama mtu aliyedondosha sindano. "Hazimo, Mama," akasema. "Ameandika mzima, kazi ipo, na kwamba ng'ombe wa bwana mmoja wamekufa." Shangazi alinitazama mimi. Nililitua debe na maji yakanimwagikia miguuni.

Kesho yake alasiri nilikuwa chumbani nakunja nguo nikamsikia shangazi akizungumza na jirani yake Bi Tausi kwenye chumba cha jikoni. Maneno yakaja juu ya ukuta, wazi kama niko nao. Bi Tausi alikuwa akicheka. "Kwa hiyo miaka yote hiyo, Mwajuma, ulikuwa unasomewa nini?" Na shangazi akajibu, "Yule mtoto hasomi, anakisia." Sikungoja lililofuata. Nilichukua debe nikatoka kwa mlango wa mbele, nikapita chini ya dirisha lililokuwa langu, nikaenda bombani ingawa mapipa yote yalikuwa yamejaa. Nilikaa kule mpaka wanawake wote wakaondoka. Ninaandika haya nikiwa bibi kizee mwenye vitukuu, na neno lile bado nikilikumbuka nasikia joto masikioni. Kuitwa mwongo ningevumilia, maana nilikuwa mwongo. Kilichoniuma ni kwamba alilisema ndani ya nyumba ambamo Adela alikuwamo anasikia.

Ndiyo nikaenda kwa Mwalimu Mbaraka. Mchana alikuwa karani kwenye ghala moja bandarini, na saa kumi jioni alifungua baraza yake akafundisha Kiingereza kwa yeyote aliyetaka. Wanaume walikaa mbele, mimi na dada yake tukakaa nyuma karibu na mlango. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Mwalimu Mbaraka hakufundisha neno moja moja. "Neno halizaliwi peke yake," alikuwa akisema. "Lina ndugu. Ukimjua mmoja ukadhani umeujua ukoo wote, utaumbuka." Akatuandikia neno na nduguze chini yake, na kila ndugu akampa kazi yake. Jioni moja akaandika neno ambalo sisi tulilitamka riniu. Chini yake akatuwekea kwa Kiswahili: kufanya upya, kurudisha, kufufua, kuhuisha, kutengeneza, kuanza tena ulipoachia, kuongeza muda. Akatugeukia na chaki sikioni. "Sasa msichanganye ndugu hawa. Nguvu unaziriniu kwa usingizi. Urafiki unauriniu kwa kutembeleana. Nyumba unairiniu kwa udongo na chokaa. Lakini leseni ya dereva je? Leseni inapelekwa dirishani, inagongwa muhuri, inarudi na mwaka mwingine. Ipakeni leseni chokaa, halafu mwonyesheni polisi." Watu wakacheka. Dereva mmoja wa lori aliyekaa mbele akauliza, "Na mke, mwalimu?" Mwalimu hakukawia. "Mke uliyemwacha, akiwa bado edani, unamrejea kwa ulimi wako tu. Eda ikikatika, huna kitu, unakwenda kufunga ndoa upya. Kwa hiyo naye ana tarehe, kama leseni." Nilicheka mpaka nikafunika uso na kanga. Kwenye daftari langu, chini ya tarehe ya siku ile, niliandika kwa herufi kubwa: RINIU. LESENI. DIRISHANI. MUHURI. INA TAREHE.

Hazikupita hata wiki tatu tarishi akaja na baiskeli akaleta bahasha ya kaki. Tulikuwa uani tunakula mihogo ya nazi, shangazi, Adela na mimi. Niliunyosha mkono, maana ndio mazoea, na shangazi akasema bila kunitazama, "Mpe Adela. Ya Kizungu hiyo, haitaki kukisiwa." Nilimpa. Adela akaifuta mikono kwenye gauni, akaifungua, akaisoma mara mbili. Barua ilikuwa fupi. Ilitaja namba ya kiwanja na jina la marehemu mume wa shangazi, halafu ikasema kwamba alichokuwa akikimiliki pale lazima kifanyiwe riniu kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, la sivyo kitarudi serikalini. Nilikuwa nimeinama pembeni yake, naiona. Nililiona neno lenyewe limekaa katikati ya mstari na ndugu zake wote nikawaona nyuma yake.

"Wanasema mahali hapa pafanywe upya, Mama," Adela akasema. "Kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Pasipofanywa upya serikali itapachukua." Shangazi alishika kichwa. "Kufanywa upya vipi?" Adela akaitazama tena karatasi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi nisingelifanya kwake hata kwa fimbo. Alinigeukia. "Dada Mwanaidi, kwa mwalimu wenu neno hili riniu mmelipitia? Kwetu misheni tulikuwa tunaliomba kila asubuhi, Mungu aturiniu mioyo, yaani atusafishe, atufanye wapya. Lakini nahisi huenda lina maana nyingine."

Nilikuwa nayo maana nyingine. Ilikuwa ulimini. Nilimeza muhogo wangu, nikasema, "Wewe ndiye msomi, Dada Adela. Mie nakisia tu."

Shangazi aliinua kichwa. Alijua sasa kwamba nilimsikia siku ile, na macho yake yakanikaa usoni muda mrefu. Sikuyakwepa. Nasema kweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: dakika ile niliona raha. Adela alisubiri kidogo, akaona siongezi, akasema, "Basi itakuwa ni kufanya upya. Makuti yamechoka, na kuta zimepasuka. Bila shaka ndiyo hayo wanayoyataka."

Tuliifanya upya. Shangazi aliitoa cherehani yake ya mkono, aliyoshonea nguo za nusu ya mtaa, akampa mtu wa Mtoni aliyemletea boriti na makuti mapya. Majirani wakaja. Wanaume walipanda juu wakaliteremsha paa la zamani, panya wakakimbia kila upande na watoto nyuma yao. Wanawake tulikoroga udongo kwa miguu, tumejifunga kanga juu ya magoti, tukakandika kuta chumba hadi chumba, Bi Tausi akituongoza kuimba na kutukana wavivu kwa majina. Kulikuwa na wali na dagaa wa nazi kila adhuhuri. Adela aliomba ruhusa kliniki siku mbili, akavua gauni lake jeupe, akaazima kanga yangu, akawa anaitikia nyimbo ambazo maneno yake hayajui, amejaa chokaa mpaka kwenye kope. Nami nilicheka naye. Mtu akiniambia wivu humnyima mtu furaha namwambia hajui wivu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na lile neno, vyote pamoja. Mara mbili nilitaka kulisema. Mara ya kwanza kinywa kilikuwa wazi kabisa, nimemkaribia shangazi na ndoo ya chokaa, na yeye akamwambia Bi Tausi, "Isingekuwa Adela tungeamka siku moja hatuna pa kutandika mkeka. Mungu kaniletea mtoto." Nikaipeleka ndoo kwa wengine.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha niliichukua ile barua chini ya godoro la shangazi nikaenda mjini kwa miguu, peke yangu. Nilikuwa nimepanga vizuri. Nitagonga muhuri mwenyewe, nitarudi nao, nitauweka mbele ya shangazi na nitamwambia, Adela wako kakosea, mie nimeiokoa nyumba. Nilipanga foleni tangu saa tatu mpaka karibu na adhuhuri. Dirishani alikuwa karani kijana, mwenzetu, mwenye nywele za mafuta. Aliisoma barua, akasema kwa upole tu, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani. "Aje mwenyewe na karatasi ya zamani, aweke dole gumba. Dakika tano. Lakini asipitishe Jumamosi." Dakika tano. Nilirudi nikiyasema maneno yangu njia nzima, jinsi nitakavyoanza, jinsi Adela atakavyoinamisha kichwa. Nilikuwa nimeamua. Nilipokaribia nyumbani sikutaka tena kuwa shujaa, nilitaka tu nyumba isiondoke.

Niliwakuta barazani, ukuta mpya mweupe nyuma yao unaumiza macho. Adela alikuwa amekaa chini, kichwa kimelala mapajani kwa shangazi, naye shangazi anamsuka. Pale mapajani ndipo nilipokuwa nikisukwa mimi. "Umetoka wapi na vumbi lote hilo?" shangazi akaniuliza, kitana mdomoni. "Chakula kimefunikwa uani. Ukoko kala mwenzio, ulikuwa unapoa."

Nilipita ukumbini nikaenda uani. Nilikula wali wangu laini, nikaosha sahani, nikairudisha barua chini ya godoro. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita, nimekaa mlangoni naliangalia jua linavyotembea barabarani. Kwa ukoko wa wali nyumba ikaenda. Nimejaribu miaka yote kulipamba jambo hili liwe na sababu kubwa zaidi, halikubali.

Mzungu wa viwanja alikuja mwezi uliofuata na yule tarishi, watu wawili na mnyororo wa kupimia. Alisimama mbele ya nyumba akaisifu. Tarishi akatafsiri: "Bwana anasema nyumba yako nzuri, mama, safi sana. Lakini kiwanja si chako tena." Shangazi akacheka, akidhani mzaha. "Si mlisema nifanye upya? Nimefanya upya. Mwambie aguse ukuta." Tarishi alikuwa mtu mzima, na nilimwona anaona haya. "Si nyumba, mama. Karatasi. Karatasi ndiyo ilikuwa iende ikagongwe muhuri. Nyumba hata ingekuwa imeanguka wasingejali." Shangazi alimgeukia Adela polepole. Adela alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza na gauni lake jeupe. "Ni mie, Mama," akasema. "Mie ndiye niliyekosea kusoma." Hakunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza na chokaa ikanishika mkononi. Shangazi akamuuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Kumbe na wewe ulikisia, mwanangu?"

Tulipewa muda wa kuvunja na kubeba. Milango, boriti zile zile mpya, makuti ambayo hayajamaliza hata masika moja, tulivipakia kwenye mkokoteni mara nyingi tukavileta huku Chamazi, ambako siku zile kulikuwa mihogo na mikorosho na nguruwe mwitu, si mpira na magari kama leo. Adela alitusaidia kubeba mpaka mwisho, kisha akaaga, akaenda kukaa na wenzake wa kliniki. Shangazi alimbusu kwenye paji la uso. Mimi nikabaki peke yangu na nafasi yangu. Nilikuwa tena msomaji wa nyumba. Athumani alipoleta barua ya kwanza Chamazi, niliikaza sauti nikakaa mkekani tayari, nimeshatunga salamu nzuri kuliko zote. Shangazi aliichukua barua mkononi mwangu ikiwa bado imefungwa, akaiweka chini ya godoro. "Sitaki kusomewa tena," akasema. "Maadamu ameandika, yu hai." Alifanya hivyo kwa kila barua miaka sita, mpaka alipofariki. Siku ya kumtandua kitanda tulizikuta zote, zimekuwa bapa kama majani makavu. Majuto ni mjukuu, lakini mimi wangu alinikuta bado kijana, akakaa.

Tulionana na Adela kwenye misiba na harusi, miaka na miaka. Aliolewa, akawa mkunga mwenye jina, watoto wakasoma. Hakunitaja hata siku moja kwenye habari ya nyumba ile. Watu wa zamani wa Temeke walipomtania, "Huyu ndiye Bi Riniu, msimpe barua," alicheka pamoja nao. Nami nilicheka.

Kibamba nilimkuta amekaa kwenye kiti cha ukindu barazani kwa binti yake, amesinyaa, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mjukuu alituwekea chai akaenda dukani. "Nani huyo?" Adela akauliza. Nikamwambia Mwanaidi. "Mbona umechelewa?" "Foleni, Dada Adela. Mbezi pale hapapitiki." "Sisemi leo," akasema.

Nilimwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba siku ile ya mihogo nilikuwa najua, kwamba nilifika mpaka dirishani, kwamba nilirudi nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipapasa mkono wa kiti. "Najua," akasema. "Siku ya kuhama daftari lako lilidondoka kwenye mkeka niliokuwa nimeubeba. Mwandiko wako ule mkubwa. Leseni, dirishani, muhuri, ina tarehe. Na tarehe umeiweka juu, ya kabla barua haijaja, kama mwalimu wenu alivyowafundisha."

"Ukanyamaza?"

"Bi Mwajuma alikuwa ameshapoteza nyumba. Nimpotezee na mwana wa kaka yake?"

Nilitazama chai yangu. Nilipaswa kulia kwa aibu, na machozi kweli yalinitoka, lakini Mungu anisamehe, ndani yake kulikuwa na kile kidonda changu cha zamani. Hata kusamehe alikuwa amenitangulia, miaka sitini mbele.

"Usinisifu moyoni," Adela akasema, kana kwamba ananiona. "Na mie ninalo langu, ndilo nililokuitia. Siku ile Bi Mwajuma aliyozungumza na Bi Tausi jikoni. Ulisikia, ukatoka na debe. Nilikuona ukipita dirishani."

"Nilisikia. Alisema nakisia."

"Ulisikia nusu." Akatafuta pumzi. "Alisema, yule mtoto hasomi, anakisia. Halafu akasema, lakini mwanangu mwenyewe hajawahi kunisalimu tangu aondoke, huyu ndiye aliyekuwa akinisalimu. Adela ananisomea sawasawa kabisa. Sasa nani atanisalimu? Alilia, Mwanaidi. Bi Tausi akawa anambembeleza. Na mie ng'ambo ya ukuta, msomi mzima, nikaona mtu wa darasa la nne kanishinda. Ningeweza kukwambia jioni ile ile uliporudi. Nikakuangalia ulivyonuna, nikasema moyoni, acha na yeye aumie kidogo."

Nilifikiria barua zile bapa chini ya godoro, na salamu nilizokuwa nimezitunga Chamazi zikabaki kinywani. Angeniambia jioni ile, ningemwambia maana ya neno. Na mimi ningemwambia maana ya neno, angeniambia. Tulikaa pale vizee wawili, kila mmoja ameshika nusu ya mwenzake.

Simu yake ikalia kidogo mapajani. Aliipapasa akanisogezea. "Mwanangu wa Mbeya huyo. Sioni tena. Nisomee." Nilivaa miwani. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimepata habari, dawa nitatuma, niko kazini. Nikamsomea kama ulivyo, neno kwa neno, sikukisia hata herufi. Adela akawa bado ameinamisha sikio.

"Na salamu?" akauliza.

Niliigeuza simu upande wa pili, nikaigeuza tena. Alisikia kucha zangu kwenye plastiki, akatabasamu kidogo.

"Zipo," nikasema. "Zilikuwa chini huku. Anasema shikamoo mama yangu mpenzi. Anasema kila akila kisamvu cha watu wa huko anakikumbuka chako cha karanga. Anasema anakusalimu mara mia."

Adela alifumba macho yake yasiyoona.

"Soma tena," akasema. "Taratibu."